Karamu ya Kumnasa Mchongezi

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa nyama buchani kabla hujalisoma, sogea nikufupishie.

Nilikuwa mwaka wa tatu ughaibuni, nasomea uhandisi wa maji, ndiyo maana wenzangu walinibandika jina la Bomba. Nililetwa na ufadhili wenye sharti moja la herufi nene: mwanafunzi asifanye kazi yoyote. Nami nikafanya. Kila Jumanne na Ijumaa niliingia jikoni kwa Mama Mvuke, mpishi kutoka Asia mwenye mgahawa nyuma ya kituo cha mabasi. Nilitaka kumjengea mama yangu chumba chake mwenyewe, atoke kwenye nyumba ya kaka yake anakoishi tangu baba afariki. Hilo nimeshalikiri na sitaki kulirudia.

Tuliachana pale karani wa ufadhili aliponisomea barua ya kunichongea, kiganja chake kimefunika saini. Siku hiyohiyo Mama Mvuke akanifukuza kwa kuogopa wakaguzi. Kikao changu kikapangwa Jumatatu. Karani, ambaye nadhani alinionea huruma, akanidokeza jambo moja: mwenye barua akiifuta kwa mdomo wake mwenyewe, nitapewa onyo tu. Asipoifuta, begi mkononi, nirudi nyumbani bila cheti.

Kwa hiyo nilikuwa na siku nne za kumjua mwandishi.

Barua ilisema nafanya kazi Jumanne na Ijumaa. Ilisema kazi yangu ni kukunja vifuko vya nyama. Sasa sikia. Watu walioijua kazi yangu walikuwa watatu tu, na wote niliwaambia naosha vyombo. Niliona haya kusema kwamba mimi, mwanamume mzima wa mabomba na pampu, nashinda nikikunja vijifuko vya unga kama ninayetunga ushanga. Mama mwenyewe nilimdanganya kwamba nafundisha watoto hesabu. Aliyeandika "kukunja" alikuwa ameingia jikoni mle akaona kwa macho yake.

Mmoja wa wale watatu. Nilikula nao, niliugua nao, niliwaazima hadi viatu. Hasira iliyonishika haikuwa ya makelele. Ilikuwa ile inayokufanya ujibu watu kwa kutikisa kichwa.

Nikasema sawa. Huyu mtu nitampikia.

Niliwaalika wote Jumamosi mchana. Niliwaambia ni karamu ya kuagana na jiko la Mama Mvuke, waje waone nilichojifunza: samaki mzima wa mvuke na tangawizi, tambi za kukaanga na mboga, supu ya uyoga, wali wa kunata, na vifuko vya nyama ambavyo tungevikunja sote mezani. Kule mgahawani niliona mara nyingi watu wakikunja wanasahau wanasema nini. Nilitaka wasahau.

Jiko letu la ghorofa ya tatu lilikuwa na mafiga manne ya umeme, mawili yamekufa, na king'ora cha moshi kinacholia hata ukichemsha chai. Nilianza alfajiri. Nilikata tangawizi kwa hasira. Nilipiga unga kwa hasira. Yule samaki nilimpaa magamba mpaka nikamhurumia.

Wa kwanza kufika alikuwa Sheria. Anasomea sheria, na hata mkivuka barabara atakusomea kifungu. Hajakaa vizuri, mkono uko kwenye kifuniko cha sufuria.

"Bomba, pole. Wali umekuharibikia."

"Ndivyo unavyotakiwa."

"Kunata namna hii? Huu si wa mgonjwa?"

"Sheria, funika."

Nikaenda chumbani kufuata chupa ya mafuta ya ufuta. Dakika mbili, si zaidi. Narudi, nakuta bwana mkubwa ameumwaga wali wangu kwenye chujio, ameuosha kwa maji ya moto, ameurudisha jikoni na chumvi na mafuta ya kula, anaukoroga huku anapiga mluzi.

"Nimekuokoa," akasema. "Tazama. Kila punje imesimama peke yake."

Nilishika ukingo wa meza.

"Nani alikuomba?"

"Ungeaibika mbele za watu, ndugu yangu. Mama yako angesikia umewalisha wageni uji wa kutafuna angeficha uso."

"Mimi nimekaa na wale watu mwaka mzima! Mchele ule nimeuloweka tangu alfajiri! Unanatishwa makusudi, Sheria, ushikike kwa vijiti!"

"Kwani vijiko vimekwenda wapi?"

Ungekuwa wewe ungecheka. Mimi sikucheka. Niliona mtu wa kufunua vyungu vya wenzake, mtu asiyeweza kuona jambo lisilomhusu akalipita. Mtu wa namna hiyo, nikajiambia, ndiye anayeandika barua.

Nesi akaingia na soda zake. Anasomea uuguzi, na mdomo wake una sindano kuliko wodi nzima. Akatazama uso wangu, akamtazama Sheria, akatazama wali.

"Nani amekufa?"

"Wali," Sheria akajibu.

Nesi akanivuta kando ya friji, akajifanya anatafuta barafu.

"Sipendi uchochezi," akaninong'oneza, nami nikajua uchochezi unakuja. "Lakini juzi nilimwona Sheria akitoka ofisi ya ufadhili. Alikuwa na karatasi, aliponiona akaisukumia ndani ya koti. Nimemsalimia, kaitikia mbio mbio."

Damu ikanipanda mpaka masikioni.

"Una hakika?"

"Macho yangu hayajaingia ukungu bado."

Wa mwisho alikuwa Dada. Huyu ni mtoto wa mjomba, yule mjomba anayemhifadhi Mama. Amenizidi mwaka mmoja, tumelelewa sahani moja, na kumwita binamu kungekuwa tusi. Mjomba alimleta huku kwa jasho lake mwenyewe mwaka mmoja baada yangu. Akaja na maua ya plastiki, akayaweka katikati ya meza, akanishika shavu.

"Umekonda, mdogo wangu."

Kidogo nitoe machozi. Nilimshukuru Mungu kwamba miongoni mwa watatu yupo mmoja ambaye sina haja ya kumchunguza.

Tukakaa. Nikagawa viduara vya unga na bakuli la nyama ya kusaga. Nikawaonyesha: unaweka nyama katikati, dole gumba la kushoto ndani, unakunja pindo baada ya pindo, matatu yanamtosha mwanagenzi, mpaka mdomo unafumba.

Nesi alikunja kana kwamba anafunga kidonda. Sheria alibandika kama bahasha. Dada akasema yeye atakata vitunguu, mikono yake haina subira ya vitu vidogo.

"Bomba wewe mbona unakunja hivyo?" Nesi akauliza. "Kidole cha shahada umekiacha kinaning'inia, unasukuma na cha kati."

Nikamweleza. Mama Mvuke alipoteza ncha ya kidole cha shahada kwenye mashine ya kukatia mboga, miaka mingi kabla yangu, kwa hiyo anasukuma unga kwa kidole cha kati. Nilimwiga nikidhani Asia nzima ndivyo wanavyofanya. Siku moja akaja mpishi mgeni pale, mtu wa kwao, aliponiona akacheka mpaka akakaa chini. Dunia nzima, alisema, hawakunji hivyo isipokuwa waliofundishwa na mama huyu.

Walicheka wote. Nikawaacha wacheke. Kisha nikafuta mikono.

"Kuna mtu ameniandikia barua ofisini," nikasema. "Na mtu huyo yuko kwenye meza hii."

Kicheko kikakatika. Tambi zikawa zinakaangika peke yake jikoni.

"Barua gani?" Nesi akauliza.

"Ya kunichongea. Imetaja siku zangu, imetaja kazi yangu. Jumatatu nahukumiwa. Mwenye barua akija kuifuta, nimepona, na mimi nitamsamehe. Asipokuja, nimekwisha. Namwuliza kiungwana, mara moja tu. Ni nani?"

Nikamgeukia Sheria.

"Juzi ulikuwa ofisi ya ufadhili kufanya nini?"

Sheria akamtazama Nesi. Nesi akatazama unga.

"Shughuli zangu."

"Shughuli gani? Wewe hufadhiliwi na ofisi ile. Karatasi uliyoficha kwenye koti ilikuwa ya nini?"

"Bomba, hilo tutaongea wawili."

"Tunaongea hapa! Umekuja kwangu unafunua sufuria zangu, unaniharibia chakula, unajitia mwokozi, kumbe ndiye uliyeniuza! Kilikuuma nini? Nilikukosea nini wewe?"

"Punguza sauti."

"Nipunguze sauti, maisha yangu umeyafanya karatasi? Mchongezi! Mnafiki mkubwa wewe!"

Nilisema na mengine, na gazeti hili haliwezi kuyachapa. Nilimtukania shule yake, na ukoo wake, mpaka mama yake. Nilimwambia atoke kwenye meza yangu kabla sijammwagia supu. Nayasema haya kwa sababu nilianza hadithi hii kwa ahadi ya kutojificha.

Sheria akasimama. Akaliendea koti lake mlangoni, akatoa bahasha, akaivuta karatasi na kuiweka juu ya unga mbele yangu. Ilikuwa na mhuri wa ofisi. Iliandikwa kwamba mtu huyu, mwanafunzi wa sheria, amekubaliwa kusimama na mimi kwenye kikao cha Jumatatu kama mtetezi.

"Nilikuwa nikuletee leo baada ya kula," akasema. Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Niliona jina lako kwenye ubao wa vikao, nikapanga foleni siku mbili. Nimepata kifungu kinachokulinda, kipo, sikukuambia ili usishangilie mapema."

"Sheria..."

"Umemtaja mama yangu, Bomba."

"Sikujua. Sikiliza basi."

Akaichukua karatasi ile, akaikung'uta unga, akaichana vipande viwili. Akavirudisha mfukoni badala ya kuviacha kwangu. Kisha akavaa koti.

"Jitetee mwenyewe."

Mlango ukafungwa taratibu. Afadhali angeubamiza.

"Na mimi niliyekuletea habari ni mjinga vilevile," Nesi akasema. Alikuwa anafungua aproni. "Lakini mimi nilikuambia nilichoona. Kumvua mtu nguo mbele za watu sikukutuma." Akatoka mbio kumfuata.

King'ora cha moshi kikaanza kulia. Maji ya samaki yalikuwa yamekauka, sufuria inaungua. Nikapanda kiti, nikakipiga kile king'ora kwa mwiko mpaka kikanyamaza. Nilikuwa nimeita watu watatu kula, na chakula hakuna aliyekigusa.

Dada alikuwa bado amekaa. Vitunguu vilikwisha kitambo, mikono yake imekosa kazi, basi ikajichukulia yenyewe. Alikuwa anatazama dirishani huku anakunja. Kifuko kimoja, cha pili, cha tatu. Upesi upesi, mapindo yamelingana, anavipanga kwenye sinia mstari mmoja bila kuangalia.

Mtu ambaye hana subira ya vitu vidogo.

Nikatazama mkono wake wa kulia. Kidole cha shahada kilikuwa kimeinuka juu, kinaning'inia. Cha kati kilikuwa kinasukuma unga.

Nilitamani niwe kipofu, naapa.

"Dada."

"Mm?"

"Nani alikufundisha kukunja?"

Akaangalia mikono yake. Akaona alichokuwa anafanya. Rangi ya uso ikambadilika, akakiweka kile kifuko mezani polepole, kana kwamba kitalia.

"Wewe. Si umetuonyesha sasa hivi?"

"Nimewaonyesha mapindo matatu. Hapa umeweka kumi na mawili. Usinichezee akili, Dada. Nani?"

Akafuta mikono kwenye sketi.

"Nilikuja kukuletea funguo siku moja ulikuwa hupo," akasema. "Yule mama akanikalisha, akaniambia nijaribu. Akasema nina mkono. Nimekuwa nikienda Jumatatu na Alhamisi. Miezi miwili sasa."

"Miezi miwili! Tunaonana kila Jumapili, unaniuliza vyombo vya wiki hii vilikuwa vingi? Unanicheka?"

"Ratiba ilikuwa ukutani. Jina lako, siku zako, kazi yako. Na mimi niliona haya kama wewe. Mimi sina mfadhili wa kunikataza."

"Kwa hiyo barua ni yako."

"Sikuandika mimi."

"Ratiba ukutani umeisoma wewe! Nani mwingine?"

"Sikuandika!" akapiga meza, maua ya plastiki yakaanguka. "Nilimwambia Baba kwenye simu, kama habari tu. Wiki ile ile akaniambia ameulizia. Ukiondolewa, nafasi yako inakwenda kwa jina linalofuata kwenye orodha. Unajua jina gani linafuata? Umesahau tulifanya usaili siku moja, kwenye benchi moja?"

Sikuwa nimesahau. Nilikuwa nimesahau tu kwamba yeye hajasahau.

"Mjomba aliandika," nikasema.

"Baba amechoka, Bomba. Anauza vitu vya ndani ili mimi nisome. Wewe unasoma bure, na bado unavunja masharti."

"Na wewe ulijua."

Akayainua maua ya plastiki, akayasimamisha tena.

"Dada, ulijua?"

"Alinitumia niisome kwanza," akasema, na sasa alikuwa analia. "Alikuwa ameandika Jumatano na Ijumaa. Nikamsahihisha."

Nimetukanwa maishani, nimefukuzwa, nimelala njaa. Sijawahi kuumizwa na neno moja dogo kama lile. Nilichukua sinia lenye vifuko vyake, nikaviminya vyote kwa ngumi, kimoja kimoja, mbele ya macho yake. Hakunizuia. Nilipomaliza nikatoa simu.

"Unampigia nani?" akauliza.

"Baba yako. Ataifuta barua hiyo leo, la sivyo ukoo mzima utajua."

"Usimpigie, nakuomba. Bomba, si yeye wa kumpigia."

Sikumsikiliza. Simu ikaita, ikaita, ikapokewa.

"Haloo?"

Ilikuwa sauti ya Mama.

"Shikamoo, Mama. Nipe Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mjomba wako yuko bafuni. Mbona unahema?"

Nikamwaga yote. Nilimwambia habari ya mgahawa, kwamba hakuna watoto ninaowafundisha hesabu na hawajawahi kuwepo. Nikamwambia habari ya chumba chake nilichokuwa nakijenga kwa siri. Nikamwambia ndugu yake wa tumbo moja ameniandikia barua ili mwanawe akalie kiti changu, na kwamba Jumatatu nafukuzwa kama mwizi.

Nilingoja apige ukelele. Nilingoja aseme "Mungu wangu."

"Usimvunjie heshima mjomba wako," akasema.

"Heshima! Mama, umenisikia?"

"Nimekusikia. Saini iliyo chini ya barua si yake. Ofisi walikataa yake, walitaka ya mzazi. Ni yangu."

Dada alikuwa ameziba uso kwa mikono yake yenye unga. Na mimi, amini usiamini, nilicheka. Nilipumua kwa mara ya kwanza tangu wiki ile ianze, kwa sababu niliona mlango umefunguka.

"Alikudanganya!" nikasema. "Alikuletea karatasi akakuambia weka saini hapa, ni mambo ya shule ya mtoto. Si ndiyo? Basi yamekwisha, Mama! Jumatatu watakupigia. Waambie uliwekewa karatasi, hukujua kilichoandikwa ndani. Useme hivyo tu, barua inafutika, mimi nabaki. Utasema, si ndiyo?"

Upande wa pili nilisikia maji ya bafuni yakizimwa, na kandambili za Mjomba zikija sakafuni.

"Mama?"

Akashusha sauti.

"Nitawaambiaje sikujua?" akasema. "Mimi kusoma najua, mwanangu."